Pakiti Si Yako Tena: Kutatua Hitilafu za Kumbukumbu katika Foleni za Mtandao za Linux

Hitilafu ya kumbukumbu katika foleni ya pakiti ina tabia moja inayowapotezea wahandisi siku nyingi: kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haiangukii pale palipokosewa. Mstari uliokosea humaliza kazi yake kimya, pakiti huendelea na safari, kisha baada ya muda, pengine sekunde chache na pengine siku tatu, msimbo mwingine usio na hatia hugusa kumbukumbu iliyoharibika, na jina lake ndilo linaloandikwa katika ripoti ya ajali. Mchuma janga hula na wa kwao, na ndani ya kerneli wa kwao ni kitu chochote kilichopangwa jirani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye swali moja, ambalo ukilijibu kwa usahihi kazi iliyobaki huwa nyepesi: kwa wakati huu hasa, pakiti hii ni mali ya nani?

Mifano yote ni ya Linux, ambako pakiti hubebwa na muundo uitwao sk_buff, au skb kwa kifupi. Kabla ya kwenda mbali ni lazima ieleweke kwamba skb ni vitu viwili na si kimoja. Kuna muundo wenyewe, wenye kihesabu chake cha marejeo (idadi ya wanaokitumia kitu) kiitwacho users, na kuna bafa ya data, yenye kihesabu kingine kiitwacho dataref, ambacho kimo ndani ya skb_shared_info mwishoni kabisa mwa bafa hiyo. Ukiita skb_get unaongeza kihesabu cha kwanza; ukiita skb_clone unapata muundo mpya unaotumia bafa ileile, na kihesabu cha pili ndicho kinachopanda. Sehemu kubwa ya makosa yanayojadiliwa hapa chini hutokana na mtu kudhani kwamba ameshika kimoja kumbe ameshika kingine.

Kabla ya kugusa msimbo

Usijaribu kutafuta chanzo kwa kutumia kerneli ya kawaida, kwa sababu kumbukumbu iliyoachiliwa hutengwa upya mara moja na ushahidi hupotea. Jenga kerneli yenye KASAN, chombo kilichoingia katika Linux 4.0 mwaka 2015, ambacho hutumia sehemu moja ya nane ya kumbukumbu kama kivuli cha kurekodi ni baiti zipi zinaruhusiwa kuguswa, na ambacho huchelewesha kutumika upya kwa vitu vilivyoachiliwa ili kosa linaswe likitendeka. Ripoti yake ina mifuatano mitatu ya miito: aliyegusa, aliyetenga, na aliyeachilia. Wengi husoma wa kwanza na kuishia hapo. Mimi nashauri usome wa tatu kwanza, kwa sababu aliyegusa mara nyingi alikuwa na haki ya kugusa, na tatizo ni kwamba mwenzake aliachilia mapema mno.

Pale ambapo KASAN haiwezekani, kwa mfano kwenye seva iliyo kazini, KFENCE iliyoingia katika toleo la 5.12 hufaa zaidi, kwa kuwa huchukua sampuli ya matengo machache tu, kwa kawaida moja katika kila milisekunde 100, na gharama yake haihisiki. Ina subira ya mvuvi wa ndoana: haikamati kila samaki, lakini mashine zikiwa nyingi na siku zikiwa za kutosha, humpata yule anayetafutwa. Chaguo la kati ni kuiwasha kerneli kwa slub_debug=FZPU, ambayo hujaza vitu vilivyoachiliwa kwa baiti 6b na kukumbuka nani alivitenga na nani aliviachilia. Vyovyote utakavyochagua, pitisha ripoti kwenye scripts/decode_stacktrace.sh ili anwani zigeuke kuwa majina ya mafaili na namba za mistari, kwani bila hivyo utakuwa unabahatisha.

Dalili: anwani iliyojaa 6b, au KASAN inasema kitu kimeguswa baada ya kuachiliwa

Ukiona ajali inayotaja anwani 0x6b6b6b6b6b6b6b6b, maana yake ni kwamba msimbo umesoma kielekezi kutoka ndani ya kitu kilichokwisha kuachiliwa. Chanzo cha kwanza cha kukagua, na ndicho kinachojirudia zaidi katika draiva za kadi za mtandao, ni kuigusa pakiti baada ya kuikabidhi:

    tuma_kwenye_kadi(kadi, skb);
    takwimu->baiti += skb->len;    /* kosa: skb si yako tena */

Kadi ikishapewa pakiti inaweza kumaliza kuituma, ikatoa katizo, na prosesa nyingine ikaiachilia skb kabla mstari wa pili haujafikiwa. Katika majaribio ya kawaida mstari huo hufaulu mara milioni, ndiyo maana kosa hili huishi miaka mingi bila kugunduliwa. Tiba ni kusoma urefu na kuuhifadhi katika kigeu kabla ya kukabidhi. Kanuni hiyohiyo inazihusu dev_queue_xmit na netif_rx, ambazo huichukua pakiti moja kwa moja, zifaulu au zishindwe. Aliyekwisha kumkabidhi konda mzigo hawezi tena kuufungua ahesabu vilivyomo.

Kinyume chake hutokea pale draiva inaporudisha NETDEV_TX_BUSY. Jibu hilo linamaanisha kwamba pakiti imekataliwa na bado ni mali ya tabaka la juu, ambalo litairudisha kwenye foleni na kuijaribu tena. Draiva inayoiachilia pakiti na bado ikarudisha jibu hilo imeweka maiti kwenye foleni. Ikiwa umelazimika kuitupa pakiti, rudisha NETDEV_TX_OK, hata kama neno lenyewe linaonekana kama uongo.

Chanzo cha pili ni cha hila zaidi, kwa sababu skb yenyewe ni nzima na kilichokufa ni kile inachokielekeza. Ili kuokoa muda, kerneli huweza kuweka ndani ya skb kielekezi cha njia, yaani dst, bila kuongeza kihesabu chake, ikitegemea ulinzi wa RCU (utaratibu wa kerneli wa kusoma bila kufuli, ambapo kitu hakiachiliwi hadi wanaokisoma wamalize) kwa muda mfupi ambao pakiti inapita. Ulinzi huo humalizika pale sehemu ya RCU inapofungwa. Ukiiweka pakiti ya namna hiyo kwenye foleni ili ishughulikiwe baadaye na uzi (thread) mwingine, njia inaweza kufutwa pakiti ikiwa bado inasubiri. Kabla ya kuipanga kwenye foleni ita skb_dst_force, na ukague jibu lake, kwani inaweza kushindwa kupata rejeo. Hadhari kama hiyo inahitajika kwa skb->dev: kielekezi hicho hakishiki rejeo lolote la kifaa, hivyo foleni yako binafsi ni lazima imwagwe kifaa kinapoondolewa.

Chanzo cha tatu hutambulika kirahisi, kwa kuwa mfuatano wa walioachilia katika ripoti ya KASAN unapitia pskb_expand_head. Hapo hakuna aliyeiachilia pakiti. Bafa yake imehamishwa. Msimbo ulichukua kielekezi cha kichwa cha IP, kisha ukaita pskb_may_pull ili kuhakikisha kwamba kichwa cha TCP nacho kimo katika sehemu iliyonyooka ya bafa, na mwito huo ukatenga bafa mpya kubwa zaidi. Kielekezi cha awali sasa kinaelekeza kwenye nyumba iliyohamwa. Dawa ni kuita ip_hdr upya baada ya kila mwito unaoweza kuhamisha data, zikiwemo skb_cow, skb_linearize na pskb_may_pull yenyewe. Kwa sababu uhamisho huu hutokea mara chache katika hali ya kawaida, matoleo mapya ya kerneli yana kifaa cha kuchochea makosa kiitwacho fail_skb_realloc, ambacho huweza kulazimisha bafa ihamishwe kila mara. Kwa maoni yangu hakuna anayepaswa kupeleka msimbo wa kuchambua vichwa vya pakiti bila kuupitisha hapo kwanza.

Dalili: onyo la refcount_t, au kitu kimeachiliwa mara mbili

Ujumbe «refcount_t: underflow; use-after-free» unasema kwamba kuna mtu ameshusha kihesabu kilichokwisha kufika sifuri. Namna bora ya kueleza kosa hili ni kwa kisa halisi, nacho ni CVE-2017-6074 (CVE ni namba ya utambulisho wa hitilafu ya usalama), kilichotangazwa Februari 2017 na Andrey Konovalov baada ya kukipata kwa kutumia syzkaller, chombo kinachoijaribu kerneli kwa miito ya kubahatisha.

Kisa kilikuwa katika itifaki ya DCCP. Soketi iliyokuwa ikisikiliza ilipopokea pakiti ya ombi, msimbo wa IPv6 uliangalia iwapo mtumiaji ameweka chaguo la IPV6_RECVPKTINFO. Ikiwa ameliweka, anwani ya skb ilihifadhiwa kwa matumizi ya baadaye na kihesabu users kikaongezwa, kama inavyotakiwa. Lakini mwito uliporudi katika dccp_rcv_state_process, pakiti iliachiliwa kwa __kfree_skb. Vistari viwili vya chini mwanzoni mwa jina hilo si pambo: kazi (function) hiyo haiangalii kihesabu, bali huachilia palepale. Rejeo lililohifadhiwa likabaki mikononi mwa soketi, likielekeza kwenye kumbukumbu ambayo mshambuliaji angeweza kuijaza kwa data yake, kisha kumbukumbu hiyohiyo ikaachiliwa mara ya pili. Kiraka kilikuwa kidogo sana: consume_skb mahali pa __kfree_skb. Yaelekea kosa hilo lilikuwemo tangu DCCP ilipoingia katika kerneli mwaka 2005, na mtumiaji asiye na mamlaka yoyote angeweza kulitumia kujipatia mamlaka ya juu kabisa.

Funzo la kiutendaji ni kwamba unapotafuta chanzo cha onyo la aina hii, orodhesha kila mahali panapoachilia skb katika njia iliyohusika, na kwa kila mahali jiulize ni rejeo la nani linaloshushwa. Njia za makosa ndizo mbaya zaidi. Kazi ndogo inashindwa, inaiachilia pakiti na kurudisha msimbo wa kosa. Aliyeiita anaona kosa, anaruka hadi mwisho wa kazi yake, na huko nako kuna kfree_skb. Kila mmoja kwa upande wake amefanya usafi, na pakiti imekufa mara mbili. Kabla ya kuandika kiraka chagua kanuni moja, ama anayeitwa huchukua pakiti daima, ama huichukua anapofaulu tu, na uitumie katika njia nzima.

Ikiwa kosa halijirudii kwa urahisi, matukio ya ufuatiliaji ya skb:kfree_skb na skb:consume_skb hurekodi anwani ya kila pakiti inayoachiliwa, na ukitaka, pamoja na mfuatano wa miito. Tafuta anwani inayojitokeza mara mbili bila kutengwa upya katikati, nawe utakuwa na majina ya wahusika wote wawili.

Dalili: ajali ndani ya skb_release_data, au skb_over_panic

Hapa pana mtego unaostahili kuelezwa polepole. Tulisema kwamba skb_shared_info hukaa mwishoni mwa bafa, mara tu baada ya eneo la data. Yeyote anayeandika kupita ukingo wa data huanza kuharibu muundo huo: idadi ya vipande, viungo vya frag_list, na vielekezi vya kurasa. Hakuna kinachotokea wakati huo. Ajali huja pakiti inapoachiliwa, skb_release_data inapojaribu kurudisha vipande ambavyo havijawahi kuwepo. Kwa hiyo ukiona ajali katika kazi hiyo, na hasa ukikuta nr_frags (idadi ya vipande) ni kubwa kuliko kikomo, ambacho kwa chaguo-msingi ni 17, acha kushuku uachiliaji na uanze kumtafuta mwandishi aliyevuka mpaka. Yaani kadi iliyoambiwa kwamba bafa ni kubwa kuliko ilivyo, au memcpy yenye urefu uliotoka kwenye pakiti yenyewe bila kukaguliwa.

KASAN haitakusaidia sana hapa, na ni vema ujue sababu. Bafa nyingi za kupokelea hukatwa kutoka kwenye ukurasa mmoja mkubwa, vipande vikiwa vimepakana bila ukanda wa ulinzi kati yake, na ukurasa ule kwa macho ya KASAN ni eneo moja halali. Tena, kadi inapoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu haipiti kwenye maagizo ya prosesa ambayo KASAN huyakagua. Kwa upande wa kadi, washa IOMMU, kifaa kinachodhibiti kumbukumbu ambayo kadi inaruhusiwa kuigusa, katika hali kali. Kwa upande wa msimbo, badilisha kwa muda bafa zitengwe kwa kmalloc, kila moja peke yake.

Skb_over_panic na skb_under_panic ni dalili za heri, kwa kuwa kerneli imejisimamisha kabla ya uharibifu. Ya kwanza hutoka skb_put inapotaka kupeleka mkia mbele ya end, na ya pili skb_push inapotaka kurudisha data nyuma ya head. Ujumbe wake hutaja urefu, kiasi kilichoombwa na nafasi zote nne, hivyo hesabu ya kutoa tu inatosha kuonyesha baiti ngapi zilikosekana. Chanzo cha hiyo ya pili kwa kawaida ni kichwa cha handaki (tunnel) kilichoongezwa bila kuita skb_cow_head kwanza. Usiongeze nafasi kwa kubahatisha hadi ujumbe utoweke.

Kuna jamaa wa karibu wa kosa hili ambalo chanzo chake ni hesabu. Mwaka 2019 Netflix ilitangaza CVE-2019-11477, iliyopewa jina la SACK Panic: pakiti moja katika foleni ya kutuma upya ilikuwa na vipande 17 vya kilobaiti 32 kila kimoja, na mshambuliaji akiuteremsha ukubwa wa segmenti hadi zibaki baiti 8 tu za data, idadi ya segmenti hufika 69,632, wakati kihesabu cha biti 16 huishia 65,535. Kagua upana wa kila kihesabu kwa kuzingatia thamani ambayo upande wa pili wa mtandao anaweza kuilazimisha.

Dalili: foleni yenyewe imekatika

Skb_unlink huweka sifuri katika next na prev za pakiti inayoondolewa. Kwa hiyo, ajali ya kielekezi sifuri ndani ya skb_unlink au skb_dequeue kwa kawaida inamaanisha kwamba pakiti moja imeondolewa mara mbili, au imepangwa katika foleni mbili kwa pamoja. Na hilo la pili haliwezekani kihalali, kwa sababu skb ina jozi moja tu ya viungo. Tafuta matumizi ya __skb_queue_tail na __skb_unlink, ambazo hazichukui kufuli, na uhakikishe kwamba aliyeziita alikuwa nalo kweli. Kagua pia aina ya kufuli: foleni inayoguswa na katizo laini na uzi wa kawaida inahitaji spin_lock_bh kwa upande wa uzi, na inayoguswa na katizo la kadi inahitaji ile inayozuia makatizo yote. KCSAN, iliyoingia katika toleo la 5.8, hubaini mashindano ya namna hii hata kabla hayajaleta ajali. Kuweka sharti la «kama next si sifuri» mahali pa ajali ni kuziba mdomo wa shahidi.

Foleni za kupanga trafiki, ambazo mtumiaji hujenga kwa amri ya tc, zina ugonjwa wao maalumu, kwa sababu hupangwa kama mti na kila mzazi huamini anachoambiwa na mtoto. Katika CVE-2023-4921 sch_plug ilikuwa mtoto wa sch_qfq, zote mbili zikiwa aina za foleni hizo. Mzazi alichungulia, akaonyeshwa pakiti, lakini alipoiomba hakupewa, kwani plug ilikuwa imezibwa. Naye hakuwa amejiandaa kwa jibu tupu. Tiba ilikuwa kutumia qdisc_peek_dequeued, ambayo huitoa pakiti kwanza na kuishika, ili inachokionyesha kiwe ndicho itakachotoa. Katika CVE-2023-4623, ya sch_hfsc, mtoto mwenye mkunjo wa kugawana uwezo alimfanya mzazi asiye na mkunjo huo aingizwe kwenye mti, ilhali njia ya kuondoa ilimruka. Mzazi alipofutwa, mti ukabaki na kielekezi kwenye kaburi. Kwa hiyo unapochunguza ajali katika net/sched, andika pembeni masharti ya kuingiza na masharti ya kuondoa, uyalinganishe neno kwa neno, kisha uhakikishe kwamba kila pakiti inayotupwa ndani ya mtoto imetangazwa kwa wazazi kupitia qdisc_tree_reduce_backlog.

Dalili: ajali hutokea kifaa kinapozimwa tu

Hapa chanzo karibu daima ni mpangilio. Kwanza zuia pakiti mpya zisiingie, kisha ita napi_disable ili kusimamisha upokeaji wa draiva, kisha simamisha vipima muda na kazi zilizoahirishwa kwa timer_shutdown_sync na cancel_work_sync, ndipo umwage foleni kwa skb_queue_purge, usubiri kipindi cha RCU kwa synchronize_rcu, na mwishowe uachilie muundo. Anayemwaga foleni kabla ya kufunga mlango huikuta imejaa tena.

Kuthibitisha kiraka

Ajali kutotokea si uthibitisho, kwa kuwa badiliko lolote la muda huweza kuificha. Irudishe kwanza hitilafu kwa makusudi, kwa kuongeza ucheleweshaji kati ya hatua mbili unazozishuku, hadi itokee kila mara; kisha weka kiraka ukiuacha ucheleweshaji huohuo mahali pake. Pitisha njia za makosa kwa failslab, ili kila utengaji upate nafasi ya kushindwa. Weka mstari wa Fixes unaotaja badiliko lililoleta kosa, ili watunzaji wa matoleo ya zamani wajue hadi wapi warudi. Na juu ya kazi uliyoirekebisha andika maelezo ya sentensi moja yanayosema iwapo huichukua skb inaposhindwa, kwa sababu mwito ujao utaandikwa na mtu ambaye hakuisoma ripoti yako.